Tulipanda daraja, uwanja ukabaki chini

Msimu wa mpira ukiisha hapa Lubumbashi, huwa napigiwa simu na watu nisiowajua. Ni makatibu na watunza hazina wa timu ndogo za Ruashi, za Katuba, za vitongoji vya Annexe kule mji unakomalizikia kwenye mashamba ya mahindi. Swali lao ni lile lile: "Yaya, tumepanda. Wanakuja kuona uwanja. Tufanye nini?" Kabla ya kuwapa pongezi nawauliza wakaguzi wanakuja lini. Wakinijibu wiki ijayo, nawaambia wafagie tu, maana hakuna kingine kinachowezekana ndani ya wiki moja.

Nilikuwa katibu wa timu ya mtaa kwa miaka kadhaa. Jina la timu silitaji, kwa kuwa wengi nitakaowasimulia bado tunakutana matangani na kwenye harusi. Ila nimechoka kuyaeleza mambo haya kwenye simu kwa vipande, kila mtu akichukua kipande kinachompendeza na kukiacha kile kinachogharimu. Afadhali yakae mahali pamoja.

Kwa msomaji wa mbali, mpira wa Kongo umepangwa hivi. Juu kabisa kuna Linafoot, ligi ya taifa, wanakocheza wakubwa wa mji huu, TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, timu mbili zilizozaliwa mwaka mmoja, 1939, na ambazo hadi leo zinagawanya familia mezani. Chini yake kuna ligi za mikoa. Chini zaidi kuna antanti, yaani chama cha mpira cha mji au cha teritwari, nayo ina madaraja yake ya ndani. FECOFA, shirikisho la taifa, liko juu ya wote. Anayeongoza hupanda, anayeburuta mkia hushuka. Hayo kila mtoto anayajua. Kisichoimbwa na mashabiki ni kwamba kila ngazi ina uwanja wake. Chini kabisa wanakutaka uwe na mahali pa kuchezea, magoli mawili na mistari inayoonekana. Ukipanda, wanaanza kuuliza habari za ukuta, vyumba, mlango wa waamuzi, choo, na karatasi ya ardhi.

Uwanja wetu ulikuwa udongo mwekundu mtupu. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, mchezaji akipiga mpira wa adhabu vumbi lilifika kabla ya mpira. Masika, maji yalituama mbele ya goli la upande wa bonde na kipa wetu akacheza miguu wazi kwa sababu viatu vilinaswa. Njia ya watu ilikatiza kutoka kona hadi kona. Hata mechi ikiwa inaendelea, mwamuzi alilazimika kupuliza filimbi ili baiskeli iliyobeba magunia ya makaa ipite, na mwenye baiskeli hakuwa na haraka hata kidogo, kwa sababu njia ilikuwa yake tangu zamani. Na nyuma ya bendera moja ya kona kulikuwa na kichuguu.

Anayeijua Katanga ya juu anajua vichuguu vyetu. Si vile vya kufika magotini. Hiki kilikuwa kirefu kuliko nyumba, na miti imeota juu yake. Watoto walikaa pale kutazama mechi bure, tukakiita tribini, yaani jukwaa. Mpira wa kona wa upande ule ulipigwa na mtu aliyesimama, hana nafasi ya kurudi nyuma ajipe kasi. Wachezaji wetu walikuwa wameuzoea. Wageni walilalamika, nasi tulifurahia malalamiko yao.

Mwaka tuliopanda, wakaguzi walikuja na futi ya kamba na fomu. Watu wengi walidhani watatukataa kwa sababu ya udongo au kwa sababu ya ukubwa. Haikuwa hivyo. Sheria za mchezo ni pana kwenye vipimo: urefu mita 90 hadi 120, upana mita 45 hadi 90. Ni mechi za kimataifa ndizo zinabanwa, mita 100 hadi 110 kwa 64 hadi 75. Sisi tulipita kwa urahisi. Goli lilikuwa na mita zake 7.32 kwa 2.44, fundi wetu wa kuchomelea alilipima mwenyewe na alijivuna nalo. Tulichoangukia ni vitu ambavyo mpira hauvigusi: hakuna uzio, hakuna chumba cha waamuzi, hakuna njia ya kuwatoa, kichuguu kiko karibu na mstari, na swali la mwisho kwenye fomu, nani mwenye ardhi hii, hakuna aliyelijibu.

Mkubwa wao alikuwa mzee, mwamuzi mstaafu. Kazi ilipoisha nilimkaribisha kwa mama mmoja anayeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, chini ya mwembe, nikidhani nitambembeleza. Alikunywa polepole, akanambia: "Mwanangu, mie siangalie kama batoto benu banacheza muzuri. Minaangalia siku penalti itatoka dakika ya mwisho. Mwamuzi atakimbilia wapi?" Nikatazama uwanja upya. Kweli, hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kwenye kichuguu.

Tangu siku ile sijawahi tena kusema kwamba masharti ya uwanja ni mapambo. Ukisoma fomu yoyote ya ukaguzi kwa macho ya mzee yule, utaona karibu kila mstari umeandikwa kwa ajili ya siku mbaya. Uzio ni kwa ajili ya mashabiki wenye hasira. Umbali kati ya mstari na ukuta ni kwa ajili ya winga aliyeshindwa kusimama. Vyumba viwili vyenye milango mbalimbali ni kwa ajili ya timu zilizotoka kutukanana. Njia ya gari hadi uwanjani ni kwa ajili ya aliyevunjika mguu.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Tumepandishwa, lakini mechi zetu za nyumbani tutazicheza kwenye uwanja mwingine wenye ukuta mpaka wetu utakapokubaliwa. Mtaani walicheza ngoma, wakaona ni ushindi kamili. Mtunza hazina wetu ndiye pekee aliyekaa kimya, kwa sababu yeye alikuwa ameanza kupiga hesabu.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu ndipo timu nyingi zinapofia bila kujua zimekufa kwa nini. Kucheza nyumbani kwa watu si kodi ya uwanja peke yake. Kodi ipo, na inalipwa kabla ya mechi, si baada. Halafu kuna gari la kuwabeba wachezaji, ambao zamani walitoka kwao wameshavaa jezi. Kuna mashabiki. Mtu aliyekuwa anatembea dakika chache hadi uwanjani sasa anatakiwa kupanda basi mbili kwenda na mbili kurudi, na mwenye watoto wanne hawezi. Wanabaki vijana wachache wenye ngoma. Kiingilio kinapungua, na hicho kilichopungua mwenye uwanja anachukua sehemu yake. Wale mama wa munkoyo na karanga, waliokuwa wakituchangia kitu kidogo kila wiki kwa hiari yao, hawawezi kutufuata kwa kuwa kule kuna mama wengine wenye nafasi zao. Saa za mechi huchagui. Uwanja una timu nyingi, mwenye uwanja anacheza jioni penye kivuli, wewe mgeni wa kudumu unapewa saa sita mchana. Na mwishowe kuna jambo lisilo na bei: hakuna tena anayeogopa kuja kwako, maana kwako hakupo.

Msimu ule tuliponea chupuchupu. Tulibaki kwa pointi za ugenini, jambo ambalo kocha alilisimulia kama ufundi wake. Ukweli ni kwamba mechi zote zilikuwa za ugenini.

Mtunza hazina, papa (ndivyo tunavyomwita mzee hapa) mmoja mkali aliyezoea vitabu vya hesabu vya reli, aliamini tumeonewa. "Wanataka kila mtaa uwe Kamalondo," alisema kila kikao. Kamalondo maana yake uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa 2011, wenye nafasi za watu karibu 18,000 na nyasi za bandia. Hakuna aliyetudai hayo. Lakini mtu akiwa na uchungu huona mlima, na hoja yake iliyobaki ilikuwa nzito kuliko hiyo: kwamba sheria hizi zinatungwa Ulaya kwa ajili ya Ulaya, kisha sisi maskini tunabandikwa.

Nikaanza kusoma kwenye simu usiku, umeme ukiwepo. Nilitaka kumjibu. Nilichokuta ni kwamba Waingereza wameumizana kwa sheria hizi kabla yetu, tena vibaya zaidi.

Tangu 1987 bingwa wa ligi yao ya daraja la tano amekuwa na haki ya kupanda kwenye madaraja manne ya juu, mradi uwanja wake uwe umetimiza masharti. Mwaka 1994 Kidderminster Harriers walikuwa mabingwa, wakakataliwa kwa sababu ya uwanja, na Northampton Town waliokuwa mkiani mwa daraja la juu yao wakaokoka. Mwaka 1995 ikawa zamu ya Macclesfield Town, na safari hii waliookoka ni Exeter City. Mwaka 1996 Stevenage Borough wakachukua ubingwa, nao wakafungiwa mlango, na Torquay United wakabaki. Miaka mitatu mfululizo bingwa haendi popote! Stevenage walikwenda mahakamani. Jaji alikiri kwamba masharti yale yana kasoro, hasa kumtaka mtu awe amekamilisha uwanja kufikia tarehe 31 Desemba, katikati ya msimu, kabla hajajua kama atapanda. Lakini waliangushwa kwa kuchelewa: walizijua sheria tangu mwanzo wa msimu, wakanyamaza, wakazikumbuka walipokuwa na kombe mkononi. Walikaa chini hadi 2010 ndipo wakapanda.

Niliwasomea habari hii kikaoni, nikaitafsiri neno kwa neno. Mtunza hazina alinitazama juu ya miwani, akauliza: "Kwa hiyo malalamiko yetu tungeyaleta lini?" Mwezi wa tisa, nilimjibu, kabla ya mechi ya kwanza, tukiwa hatuna kitu. Mtu asiye na kombe akilalamikia sheria anasikilizwa kama mtu mwenye hoja. Mwenye kombe anasikilizwa kama mwenye haja.

Kisa cha Uskoti kilimfurahisha zaidi. Huko ligi kuu ilidai viti 10,000. Mwaka 2003 Falkirk walishinda daraja la kwanza, lililo chini ya ligi kuu, wakazuiwa, na Motherwell waliokuwa wa mwisho kwenye ligi kuu wakabaki. Mwaka uliofuata Inverness Caledonian Thistle waliruhusiwa kupanda kwa sharti la kuchezea Aberdeen, zaidi ya kilomita 160 kutoka kwao, mbali kuliko sisi kwenda mji wa Likasi. Walivumilia nusu msimu, huku wakiongeza viti nyumbani, na Januari 2005 wakarudi. Na kiwango chenyewe kikashushwa hadi 6,000. Hilo ndilo papa alilolipigia mstari kwenye daftari lake: kumbe sheria hushuka pia.

Ila kisa nilichotaka wakikumbuke ni cha Maidstone United. Hawa waliuza uwanja wao, wakahamia kwa jirani zao Dartford, na 1989 wakapanda kwenye ligi ya kulipwa wakiwa wapangaji. Mashabiki wao wakawa watu wa kusafiri kila wiki kwenda "nyumbani". Agosti 1992 timu ikajiondoa kwenye ligi, imeishiwa. Uwanja wao mpya mjini kwao ulifunguliwa 2012, miaka 20 baadaye, nao waliokuwa wakifuatilia wengine walishazeeka. Hapo papa mwenyewe ndiye aliyesema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kikao kikakata shauri. Pesa zote za kiangazi ziende kwenye uwanja.

Tulianza na karatasi, na hapa ndipo nawasihi wanaonipigia simu wasiruke. Watu wanataka kuanza na tofali kwa sababu tofali linaonekana. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na mtu au chama hupewa haki ya kuitumia. Ushahidi wa mwisho wa haki hiyo ni cheti cha kusajiliwa kinachotoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Barua ya mkubwa wa mtaa, hata iwe na mihuri mitatu, haifiki hapo. Nasi hata hiyo barua hatukuwa nayo. Ukiuliza uwanja ni wa nani, wazee walijibu, "Tunachezaka hapa toka wakati ya Mobutu," kana kwamba Mobutu aliacha risiti.

Tulikwenda kadasta, ofisi ya ramani za viwanja. Mchoro wa mtaa ulionesha pale pameachwa wazi kwa matumizi ya watu wote. Habari njema. Habari mbaya tulizikuta tuliporudi na mpimaji: upande wa mashariki palikuwa na vijiti vya mipaka. Mtu mmoja mwenye muhuri alikuwa ameanza kukata lupango, yaani viwanja vya nyumba, pembeni mwa uwanja na kuziuza, kimyakimya, mojamoja, akianzia kule ambako hakuna anayekaa kutazama mechi. Moja ilikwisha nunuliwa na mama mjane, na msingi wake ulikuwa umefika hatua chache kutoka kwenye mstari.

Vijana wakataka kuubomoa usiku uleule. Nashukuru prezida wetu, muuza simenti, aliwazuia. Yule mama alikuwa amelipa kwa pesa halali, na karatasi aliyopewa aliiona ni ya kweli kama sisi tulivyouona uwanja ni wetu. Tulikwenda kwake tukiwa wazee watatu na mama mmoja wa kanisani kwake, si vijana. Tulikaa. Alilia, kisha akakasirika, kisha akatupikia chai. Mazungumzo yalichukua wiki nyingi. Mwisho aliyemuuzia, baada ya kuitwa mbele ya watu wenye umri wake, alikubali kumpa kiwanja kingine, na timu ikambebea mawe na matofali yake yote hadi huko, wachezaji wakiwa ndio wabebaji. Mtoto wake wa pili baadaye alikuja kuwa beki wetu wa kulia. Sisemi kila mahali mambo yatakwenda hivyo. Nasema kwamba vijana wangebomoa ule msingi, leo tungekuwa bado mahakamani.

Uwanja hatukupewa kuwa mali yetu, na naona ilikuwa haki, maana watoto wa mtaa mzima wanacheza pale. Tulipata barua ya komini, yaani utawala wa sehemu yetu ya mji, inayotukabidhi utunzaji wake na mchoro wa kadasta wenye vipimo. Kwa wakaguzi ilitosha. Wao walitaka kujua nani atajibu kukitokea jambo na kama uwanja utakuwepo msimu ujao.

Baada ya hapo ujenzi ukawa raha. Prezida alitazama kichuguu siku nyingi, halafu akauliza swali ambalo kila fundi wa hapa angeliuliza mapema: matofali ya mji huu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye vichuguu. Udongo wake ni mfinyanzi mzuri, unashikana, unaungua vizuri. Tukaleta wafyatuaji, wakakila kichuguu kuanzia juu kwenda chini kiangazi chote, wakajenga tanuru palepale, na moshi wake ukawaudhi majirani. Kikwazo kikawa ukuta. Ilibidi tofali zote ziwe zimeungua kabla ya mvua za kwanza kuelekea mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo mechi za kirafiki zilifutwa, wachezaji wakapanga foleni ya kupokezana tofali. Watoto waliopoteza tribini walinuna. Mpaka leo kuna wanaosema mechi zilikuwa tamu zaidi kutoka kule juu, nami siwakatalii.

Mahali pa kusimamisha ukuta pasikadiriwe kwa macho. Chora kwanza mistari ya uwanja kwa chokaa, yote, pamoja na ile ya eneo la makocha, ambayo inatoka mita moja kila upande wa viti na kusogea mbele hadi ibaki mita moja kufika mstari wa pembeni. Halafu weka viti, weka mahali pa machela, mwache mshika kibendera akimbie mara mbili tatu huku na huku. Nafasi inayobaki baada ya hapo ndiyo ya ukuta. Timu moja ya mtaa wa pili ilijenga ukuta mzuri kuliko wetu, umepigwa lipu na kupakwa rangi, hatua mbili kutoka kwenye mstari. Wakaguzi hawakufungua hata fomu. Timu ile ikaubomoa na kuujenga upya, na tofali lililobomolewa halirudi lote.

Chumba cha waamuzi tulikijenga kabla ya vyumba vya wachezaji, kwa heshima ya mzee wa munkoyo. Mlango wake unafungwa kwa ndani, na una njia yake ya kutokea nje ya ukuta bila kupita kwa mashabiki. Wachezaji wanaweza kubadilisha nguo chini ya mti wakikosa chumba, wameshafanya hivyo maisha yao yote. Mwamuzi aliyezingirwa hawezi kusubiri mti. Choo, pipa la maji lenye bomba, mtaro wa kutoa maji upande wa bonde, hayo yalikwenda haraka na sina la kusimulia, ila mtaro uchimbwe kiangazi.

Kuna mtu hakufurahi hata siku moja katika haya yote, naye ni kocha. Alikuwa amemwona mshambuliaji Likasi, kijana wa kufunga kwa miguu yote miwili, na bei yake ilikuwa sawasawa na simenti ya ukuta wa magharibi. Tulinunua simenti. Wachezaji wetu wawili bora wakachukuliwa na timu zenye posho. Msimu wa pili tulicheza nyumbani, ndani ya ukuta, mbele ya watu wetu, na tukashuka daraja. Siku ya mechi ya mwisho kocha alinikuta mlangoni, akasema: "Katibu, mulijenga nyumba muzuri sana ya bibi-harusi. Bibi-harusi mwenyewe hakukuya."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na bado nadhani uamuzi wetu ulikuwa sahihi. Mshambuliaji yule alicheza msimu mmoja Likasi kisha akavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, na sidhani angekaa kwetu zaidi. Tuliposhuka, vijiti vya mipaka havikurudi, kwa sababu hakuna anayeuza lupango ndani ya ukuta wenye lango na kufuli. Tulipopanda tena, ukaguzi ulikwisha kabla chai haijapoa.

Ninalolalamikia hadi leo ni kalenda. Mkaguzi anatumwa ubingwa ukishajulikana, na timu inabaki na kiangazi kilichokwisha kuliwa nusu. Kama timu tano za juu za kila daraja zingetembelewa katikati ya msimu, zikaachiwa karatasi ya mapungufu bila adhabu, nusu ya mabishano ya mwisho wa msimu yasingekuwepo, na wale wa mkiani wasingekaa wakiomba uwanja wa bingwa ukataliwe ili wao wabaki. Niliandika hivyo kwenye barua, mwezi wa tisa, tukiwa hatuna kombe lolote. Sijajibiwa, lakini msimu uliofuata mzee mmoja mwenye futi ya kamba alipita mitaani mwezi wa kwanza, akipima bila kusema kwa nini.

Sasa sisi ndio wenye uwanja. Timu mbili zilizopanda bila ukuta zimeletwa kwetu kama wapangaji, na ndani ya komite kuna ugomvi. Mtunza hazina anataka walipe kama tulivyolipa sisi, kodi kabla ya mechi na sehemu ya kiingilio, tena saa sita mchana. Mimi nataka walipe kodi tu, mama zao wa munkoyo waruhusiwe kuingia, na wachezee jioni wiki moja kwa mbili. Prezida anasema tupige kura. Papa ameshaanza kuwapigia simu wajumbe mmojammoja, nami pia.